Sita Tulipanda, Sita Tukashuka

Sokoni watu wananionyesha kwa kidole. "Unamuona yule mama wa samaki, wa mikebuka? Ni mumoja wa wale wa ndege." Basi mununuzi anaacha kupapasa samaki, ananitazama usoni kama vile nimetoka mbinguni jana. Wengine wananiomba niwashike watoto wao kichwani. Wengine wanasema, "Mama, wewe Mungu anakupenda," halafu wanataka nipunguze bei kwa sababu hiyohiyo. Ninacheka nao. Muuza samaki mwenye kununa anarudi nyumbani na samaki wake. Lakini moyoni ninasema: mimi na muujiza wapi na wapi!

Ile ndege Kalemie yote inaijua. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja. Ilikataa kuteremsha miguu, ikazunguka juu ya ziwa mpaka esansi, mafuta yake, ikakaribia kwisha, halafu ikatua kwa tumbo, na hakuna abiria aliyechubuka hata goti. Watu wamehifadhi video yake katika simu zao. Jirani yangu mumoja aliniletea siku moja nijitazame nikitambaa kutoka mulangoni, nikamuambia aniondolee simu yake mbele ya macho kabla sijaitupa mutoni. Alishangaa. Alidhani ananifurahisha.

Na yale maneno ambayo muji muzima unayasema hadi leo, kwamba sita walipanda na sita wakashuka, yalitoka kinywani mwangu. Mimi njo niliyasema wa kwanza, kanisani, kwa mikro, mbele ya Mungu na watu. Yamenigharimu mudogo wangu, muntu pekee niliyekuwa naye duniani.

Mama yetu alikufa wakati mudogo wangu hajaanza kutembea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimufunga mugongoni kwa kikwembe cha marehemu, nikaenda naye shuleni mwezi mumoja, mwalimu akachoka, na mimi nikachoka, nikaacha shule. Nilimulisha uji, nikamufundisha kusema, nikamuchapa alipostahili na siku nyingine asipostahili. Sikupata mutoto wangu mwenyewe. Aliniita Yaya, kama mudogo yeyote anavyomuita mukubwa wake, lakini mimi njo nilikuwa mama yake na yeye alijua hivyo.

Aliolewa mbali, upande wa Kiambi, kwenye familia ya wakulima karibu na muto Luvua. Bwana yake ni muntu mupole. Ubaya wake ni mumoja tu, hayupo. Anachimba madini Manono, anaonekana Noeli na Pasaka. Anayetawala nyumba ni baba yake. Papa Mukwe, ndivyo mudogo wangu alivyomuita, na mimi nilimuita vivyo hivyo. Muzee wa baraza la parokia, muntu wa koti na kofia hata jua likiwaka, muntu ambaye akikohoa, wanawake wa nyumba wanaacha kuongea. Simusemi kuwa mubaya. Ningependa sana awe mubaya, ingenirahisishia mambo.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mine. Ya pili ilifika, lakini mutoto alitanguliza miguu, akazaliwa nyumbani, akafa hapohapo. Ya tatu ilipofika miezi saba, muuguzi wa kituo cha afya, mwanamuke mwenye akili zake, alimupima akamuambia: "Huyu pia amekaa. Kichwa kiko juu. Usizalie hapa, nenda Kalemie mapema, kwa waganga wa hospitali." Papa Mukwe akasema mapema ya nini, mashamba yatalimwa na nani. Ikawa wiki hii, ikawa wiki ijayo. Mimi huko Kalemie nikapata habari kwa simu, nikaacha samaki wangu kwa rafiki, nikapanda lori, nikapanda pikipiki, nikafika nimejaa matope mpaka kwenye nyusi. Nilisema nitamubeba mudogo wangu kwa mugongo kama zamani ikibidi.

Uchungu ulimushika siku ya pili baada ya mimi kufika, kabla ya wakati. Mvua ilikuwa imekata barabara nyuma yangu. Bahati, tukasema sisi, kwa maana tulikuwa bado tunaamini bahati: kesho yake asubuhi ndege ndogo ilikuwa inapita kwenye kiwanja cha majani cha pale, ikileta dawa na barua, na ingerudi Kalemie na abiria.

Ilikuwa na viti sita. Kimoja cha piloti. Viwili vya nyuma vilikuwa tayari na wafanyabiashara wawili kutoka Manono, na hao hawakushuka hata kujinyoosha, waliogopa kunyang'anywa nafasi. Vikabaki vitatu: cha mudogo wangu, cha kwangu, cha muuguzi. Muuguzi alikuja mbio na mufuko wake, ndani yake glavu, sindano, wembe mupya, uzi. Nilipomuona na ule mufuko, roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kalemie.

Halafu akaja Papa Mukwe. Koti, kofia, sanduku dogo.

"Huko kwa waganga nani atazungumza?" akauliza. "Wanawake watatu? Mwanamuke wa mutoto wangu hawezi kusafirishwa kama muzigo, bila mukubwa wa familia."

Muuguzi akamuambia, kwa heshima lakini bila kushusha macho, "Papa, njiani anaweza kuzaa. Wewe utafanya nini akizaa?"

"Saa moja tu ya safari," Papa Mukwe akasema. "Atazaa kwa waganga."

Piloti alikuwa kijana mwenye haraka, Kiswahili chake kimechanganywa na Lingala. Akatazama saa. "Viti ni vitatu. Mambo ya familia mutamaliza wenyewe, mimi ninaondoka."

Wote wakanitazama mimi. Sokoni nimewahi kumufukuza polisi kwa maneno matupu. Nimewahi kumurudishia mununuzi samaki usoni. Siku ile, kwenye yale majani, nilitazama viatu vyangu. Nilijiambia: kesho mudogo wangu atarudi kula bugali katika nyumba ya huyu muzee, usimuharibie. Nilijiambia: saa moja, nini kinaweza kutokea kwa saa moja? Nikanyamaza. Muuguzi akaelewa. Akafungua mufuko, akanipa glavu na wembe, akanishika mukono kwa nguvu.

"Mama, nisikilize. Mutoto akianza kuja, usimuzuie. Hata miguu ikitangulia, umuache aje. Umesikia? Usimuzuie."

"Nimesikia."

Akarudia tena, kama muntu asiyeniamini. Alikuwa na haki.

Papa Mukwe akakaa mbele pamoja na piloti. Sisi wawili tukakaa nyuma yao, magoti yetu yanagusa migongo ya viti vyao. Wale wawili wa Manono nyuma yetu. Ndege ikakimbia juu ya majani, ikaruka, na mudogo wangu akanibana vidole mpaka vikafa ganzi. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Ukiondoka alikuwa anacheka kidogo. Aliniambia, "Yaya, akiwa musichana atakuwa na kelele zako." Nikamuambia, "Na awe nazo. Duniani humu kimya hakilipi." Ninayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko sala zangu.

Ziwa likaonekana, halafu muji. Mimi nilishukuru Mungu, nikaanza hata kufungasha vitu vyangu. Piloti akasukuma kimuti fulani, akangoja. Mbele yake kuna taa tatu ndogo, moja kwa kila muguu wa ndege. Zikiwaka, miguu imeshuka. Hakuna iliyowaka. Akarudisha kile kimuti, akasukuma tena. Halafu akashika chuma kilicho pale chini kati ya viti, akaanza kukipampu kwa mukono, juu, chini, juu, chini, kama muntu anayejaza upepo tairi la baisikeli, jasho linamutoka.

"Kuna nini?" Papa Mukwe akauliza.

"Miguu haishuki, Papa."

Akaongea kwa redio na watu wa kiwanja kule chini, kwa Kifaransa. Akapitisha ndege karibu kabisa na paa la biro, ofisi yao, ili watazame kwa macho, kisha akapanda tena juu. Akageuza kichwa kwetu, na lazima nimupe haki yake, sauti yake haikutetemeka.

"Muguu mumoja unaning'inia nusu, mingine imekwama ndani. Nitairudisha yote, tutatua kwa tumbo. Nimefundishwa, musiogope. Lakini kwanza tuzunguke juu ya ziwa, tupunguze esansi."

"Muda gani?" nikauliza.

"Saa moja. Labda na zaidi."

"Papa piloti, huyu anazaa!"

Akamutazama mudogo wangu. "Mama, nikigusa chini na esansi nyingi hivi, cheche moja tu, tunaungua sote. Yeye pia. Na mutoto pia."

Alikuwa anasema kweli. Nimelala na maneno yale miaka miwili, nimeyapindua, nimetafuta mahali pa kumulaumu yule kijana, sijapata. Haya. Tukazunguka.

Muji wote uko pale chini yako, bandari, reli, kanisa, mudomo wa muto Lukuga, soko langu na paa zake, na huwezi kuufikia. Nyuma yetu mumoja anatapika, mwingine anaimba wimbo wa Bikira Maria, anakosea maneno, anaanza upya. Mbele Papa Mukwe ametoa rozari, anasali kwa sauti kubwa. Na uchungu sasa ulikuwa hauondoki tena.

"Yaya," mudogo wangu akasema. "Inakuja."

Nikavaa glavu. Nikaingiza mukono chini ya kikwembe. Nikakuta kisigino, kidogo, kinateleza. Kisha vidole. Na ule muguu ukanipiga teke. Ninyi mulionisimulia habari ya muujiza, muujiza mimi niliushika pale: muguu wa muntu ambaye hajafika duniani, unanipiga teke la hasira kwenye kiganja.

Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeambiwa mara mbili. Kumulaza kwenye kiti, kumuvua nguo, kufungua miguu yake. Lakini kumulaza wapi? Kile kiti kilikuwa kifupi, miguu yake ingeenda mbele, moja huku na moja kule, pembeni ya kichwa cha Papa Mukwe.

Kwa watu wa kule, na hata kwetu wa ziwani, mwanamuke hali chakula mbele ya baba wa bwana yake. Hapiti mbele yake bila kuinama. Nguo yake ya ndani haianikwi mahali macho ya muzee yanaweza kufika. Na muzee akiuona uchi wake, hata kwa bahati mbaya, wanasema nyumba imeharibika, watoto hawatashika, na mwanamuke anarudishwa kwao. Nimeona wamoja waliorudishwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Mudogo wangu alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili, na maneno yalikuwa yameanza.

Alipiga kelele. Papa Mukwe akageuka.

"Yaya, Papa anaona!" Hakusema ninakufa. Hakusema mutoto. Alisema Papa anaona, na akavuta kikwembe kwa mikono miwili.

"Papa, tazama mbele," nikasema.

"Mufunike," yeye akajibu. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mama, ninakuomba, mufunike. Hapa si mahali. Ajikaze kidogo, tunashuka sasa hivi."

Hakuwa anaamuru. Alikuwa anaomba, na kwa sauti ya muntu aliyeogopa kufa na kuaibika kwa wakati mumoja. Na mimi, mimi niliyeambiwa, mimi mwenye mudomo sokoni, nilifungua kikwembe changu cha juu nikamufunga mudogo wangu magoti. Nilimufunga, jamani. Nikapiga fundo. Nikamuambia, "Usisukume. Mutoto wangu, usisukume, jikaze mpaka tushuke."

Na yeye akanitii. Tangu utoto wake amenitii.

Sikuwa na saa. Nilihesabu kwa bandari, kila ilipopita dirishani. Mara ya kwanza alikuwa anauma kikwembe kwa meno. Mara ya pili aliniomba maji, na maji hayakuwepo. Mara ya tatu nilipenyeza mukono kati ya magoti yaliyofungwa, nikatafuta ule muguu. Ulikuwa umetulia. Nikajiambia mutoto amelala. Muntu muzima mwenye mvi, nikajiambia hivyo.

Mara ya nne piloti akasema, "Tunaenda. Inameni."

Alizima injini kabla ya kugusa. Kukawa na upepo tu. Halafu tumbo la ndege likagonga chini, na mulio ukawa wa mabati mia yanayoburutwa juu ya mawe, vumbi likaingia mpaka kinywani, tukazunguka upande, tukasimama. "Tokeni! Tokeni!" Nikamutoa mudogo wangu kwa kumushika kwapa. Nikamuburuta mpaka kwenye majani.

Watu walikuwa wamevunja uzio. Wanakuja kama soko lote, wanaimba, wanapiga vigelegele. Wakamubeba piloti juu juu. Papa Mukwe alikuwa amepiga magoti, anabusu ardhi, kofia imeanguka. Mama mumoja muuza ndizi njo alituona sisi wawili, akatazama kikwembe cha mudogo wangu, akaelewa, akapiga ukelele mwingine kabisa. Wanawake wakaja, wakavua vikwembe vyao, wakatuzungushia ukuta.

Fundo langu likakataa kufunguka. Nililifungua kwa meno.

Alikuwa musichana. Alitoka mwili wote kwa musukumo mumoja. Alikuwa na joto bado. Nilimupuliza kinywani, nilimugeuza, nilimupiga mugongo, nilimuita kwa majina yote ya nyumbani kwetu. Nje ya ule ukuta wa vikwembe watu waliimba wimbo wa ushindi kwa sauti zote nne, kwaya ya parokia ilikuwa imefika.

Hospitali muzalishaji alimutazama mutoto kwa muda murefu. Akaniuliza, "Miguu ilitoka saa ngapi?"

Nikajibu, "Palepale tulipotua."

Mudogo wangu alikuwa amelala kitandani, nilidhani amezimia. Akafungua macho. Akanitazama, akafumba.

Kwetu mutoto ambaye hakulia hana kilio. Hakuna hema, hakuna matanga, wanaume hawaendi, hapewi jina, na mama yake hatakiwi kulia machozi, wanasema tumbo litafunga. Tulimuzika wanawake watatu, mimi na mama wawili majirani, alasiri, mwisho wa makaburi, pasipo na musalaba. Niliporudi, mudogo wangu aliuliza, "Mumemuweka wapi?" Nikamujibu kama nilivyofundishwa kujibu: "Usiulize." Akageukia ukuta.

Lakini ndege ilikuwa na haki ya sherehe. Papa Mukwe na parokia wakapanga misa ya shukrani, Jumapili ya pili. Muntu aliyeponea kifo asiposhukuru hadharani, wanasema Mungu atamukumbuka upya, na mara hiyo hatamukosa. Kitenge kimoja kwa familia zote, cha buluu chenye ndege weupe. Nani alikichagua kile kitambaa, sijui, na ni heri nisijue. Mushonaji akaja nyumbani kwangu kumupima mudogo wangu. Kifua chake kilikuwa kimejaa maziwa, nilikuwa nimemufunga kitambaa, na mushonaji alifanya kama haoni.

"Yaya, mimi siendi," aliniambia asubuhi ya misa.

"Utaenda. Watu watasema nini?"

"Wakisema?"

"Watasema hatuna shukrani."

"Shukrani ya nini, Yaya?"

Hasira ikanipanda. "Ya kwamba wewe ungali muzima! Unafikiri mimi ningebaki na nani?" Ni kweli, hilo njo lilikuwa ndani yangu, na bado limo. Nilimupoteza yule mutoto na nilikuwa ninafurahi, ndiyo, nilikuwa ninafurahi kwamba si yeye. Lakini nilimutupia kama tusi. Akavaa kitenge.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Padri akasema muntu mumoja wa ndege atoe ushuhuda. Piloti alikuwa amesafiri, wale wawili wa Manono walikuwa na haya, Papa Mukwe alisema afadhali mwanamuke, wanawake wanajua kuongea. Wakanipa mikro.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine. Nilikuwa nimepanga kusema kwa ufupi, Mungu ashukuriwe, na kukaa. Lakini nikaona macho yote, nikaona tabasamu, nikamuona Papa Mukwe kwenye benchi ya kwanza ananitikisia kichwa. Alitaka nimusafishe. Na mimi nilitaka mwenyewe kusafishwa, tena kuliko yeye. Mudomo wa sokoni, ule uliokuwa bubu kwenye majani na bubu ndani ya ndege, siku hiyo ukapata nguvu.

"Ndugu zangu! Sita tulipanda, sita tukashuka! Hakuna hata mumoja aliyepotea!"

Kanisa likalipuka. Ngoma, vigelegele, watu wanasimama juu ya benchi. Na mimi nilikuwa ninajua. Ningesema nilisahau, ningekuwa ninadanganya mara ya pili. Tulipanda saba. Wa saba nilimushika muguu kwa mukono huuhuu uliokuwa umeshika mikro.

Mudogo wangu alikuwa benchi ya pili. Hakulia. Wakati wa kupeleka matoleo, mama mumoja wa kwaya akamushika mukono, akamuvuta kwenye mustari, na yeye akacheza. Alicheza kuanzia mulangoni mpaka altareni, hatua kwa hatua, vizuri kabisa, jinsi nilivyomufundisha mimi. Maziwa yalikuwa yamepita kitambaa, yametoka nje kwenye ule kitenge, alama mbili kubwa. Wanawake wakaona. Mumoja akamutupia kitambaa mabegani, na wimbo ukaendelea.

Alirudi kwa bwana yake barabara ilipofunguka. Nilipopiga simu alipokea kila mara. "Tuko vizuri, aksanti. Na huko?" Na huko vizuri. Esansi ya maneno ikaisha hapo, kila mara hapo.

Mwaka huu, kiangazi, nikashindwa kuvumilia. Nikachukua mikebuka mikavu, chumvi, sabuni, nikaenda kwa pikipiki siku mbili. Njiani nilikuwa ninatayarisha kifua changu. Nilikuwa tayari anitukane. Nilikuwa tayari anifungie mulango, anitemee mate, anirushie hata sufuria. Ningevipokea vyote, ningeviweka kichwani kama muzigo wangu halali.

Aliniona toka mbali, akaja akapokea mufuko kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Alifagia mahali, akaleta kiti chenye kitambaa, kile cha wakubwa. Alichinja kuku. Alileta beseni, akaninawisha mikono, akaniuliza habari za njia, habari za soko, habari za majirani mumoja mumoja. Sauti yake nzuri, ya upole. Nilikaa juu ya kile kiti nikasikia jasho linanishuka mugongoni.

"Mutoto wangu," nikamuambia, "nilikosa. Muguu wake ulikuwa unapiga. Mimi njo nilikufunga, na nilimudanganya muzalishaji, na pale kanisani..."

"Mukule, Mama," akanijibu, kama anavyoniita muntu yeyote sokoni. "Bugali inapoa."

Nikala. Sijui nilikula nini. Tulipomaliza nikakusanya sahani, nikaenda nazo nyuma ya nyumba kwenye maji, kama nilivyofanya kila siku ya maisha yetu, yeye anasugua, mimi ninasuuza. Akanifuata. Akanitoa sahani mikononi, moja moja, taratibu, bila kunigusa vidole.

"Hapana, muziache. Wageni hawaoshi sahani."

Nikarudi kukaa kwenye kiti.